Chumba kizima kufukuzwa hosteli kwa jiko la mtu mmoja, hii ni haki?

#1 Upepo wa Dom
Wakuu habari zenu.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, chuo chenyewe sikitaji. Anakaa hosteli ya chuo, chumba cha watu wanne. Wiki iliyopita usiku wodeni alipita na walinzi kukagua vyumba. Waliposikia jirani anagongewa, mwenzao mmoja akachomoa jiko la umeme la koili na kulisukuma chini ya kitanda likiwa bado la moto. Wodeni anaingia anakuta sufuria ya maharage mezani na chumba kinanuka godoro linaloungua. Kitanda kilipoinuliwa, ukingo wa godoro ulishageuka kahawia, upana wa kiganja.

Nimeyaandika yote makusudi ili mtu asiseme nimeficha. Hatari ilikuwepo na mwenye jiko alikiri palepale. Sasa kesho yake zimetoka barua nne, maneno yaleyale, majina tu ndiyo tofauti: mtoke hosteli ndani ya saa 48, na hamtapangiwa chumba tena mwaka huu wa masomo. Mdogo wangu hakuitwa popote, hakuulizwa chochote. Mitihani ya mwisho wa semista iko mlangoni.

Naomba mwenye uelewa anisaidie mambo mawili. Adhabu ya chumba kizima inatoka wapi? Na rufaa inaanzia wapi?

#2 Mtoto wa Chilonwa
Pole mkuu. Swali dogo tu: hayo maharage walikuwa wanakula wanne au mmoja?

#3 Upepo wa Dom
Walikula wote, simkingii kifua. Ila aliyekula si mwenye jiko.

#4 Mtoto wa Chilonwa
Basi mimi niko upande wa chuo. Mtu ameona jiko muhula mzima, amekula cha jiko hilo muhula mzima, halafu siku ya kukamatwa linakuwa la fulani. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Wangekuwa hawalitaki wangeshamripoti.

#5 Fundi Soketi
Kabla ya haki na rufaa, naomba watu waelewe kwa nini jiko limekatazwa, maana wanafunzi wengi wanadhani chuo kinabania umeme.

Mimi ni fundi umeme, nimefanya matengenezo kwenye hosteli kadhaa za mji huu. Jiko la koili la sahani moja linakula kati ya wati 1,000 na 2,000. Kwa umeme wetu wa volti 230, chukua la wati 1,500, hapo unavuta karibu ampea 6 na nusu. Soketi yenyewe ya ukutani ni ya ampea 13, inabeba bila shida. Tatizo ni kwamba chumba cha watu wanne kina soketi mbili, kwa hiyo kila mtu ananunua ekstensheni ya bei rahisi mtaani. Waya wa ndani wa ile ekstensheni ni mwembamba. Ukichomeka jiko na hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ekstensheni moja, unavuta ampea 12 au 13 kwenye waya ambao haukutengenezwa kwa mzigo huo. Unapata moto taratibu, plastiki inalainika, na mara nyingi umepitishwa chini ya godoro au nyuma ya kabati ambako hakuna anayeuona.

Kuna jambo watu hawalijui. Breka ya soketi kwenye majengo mengi ni ya ampea 32 na inalinda vyumba kadhaa kwa pamoja. Hiyo breka ikiona ampea 13 haina habari kabisa, kwake ni matumizi ya kawaida. Waya wako unaweza kuyeyuka mpaka ukawaka na breka imekaa kimya. Inakatika pale vyumba vitano sita vinapopika kwa mpigo, yaani saa mbili usiku, korido nzima giza, wanafunzi wanapiga kelele shirika la umeme limewakatia.

Nimeshawahi kutoa plagi kwenye soketi ya hosteli kwa koleo. Ilikuwa imeyeyuka na kugandana na soketi, meno ya shaba yamekuwa meusi, na kwenye ukuta kuna alama ya masizi inapanda juu. Mwenye chumba aliniambia "fundi, mbona inafanya kazi tu".

#6 Singida Alizeti
Asante Fundi. Mimi nina ekstensheni ya hivyo hapa ofisini, naichomoa sasa hivi.

#7 Bi Zabibu
Nimekuwa wodeni wa hosteli ya wasichana kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Sisemei chuo cha mleta mada maana sijui ni kipi.

Kijana, nakwambia jinsi mambo yanavyokuwa usiku ule. Unaingia chumbani unakuta jiko. Unauliza la nani. Kimya. Unauliza tena, wanatazamana. Kesho yake kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kila mmoja anasema alikuwa maktaba. Jiko halina jina. Sasa utafanyaje? Ukimwachia kila mmoja, baada ya siku mbili jengo zima linajua kwamba dawa ni kukaa kimya. Ndiyo maana adhabu ya chumba ikawepo. Haikuletwa na roho mbaya, ililetwa na ukimya wa wanafunzi wenyewe.

Na wodeni anabeba roho za watu. Watu wa umri wangu hatujasahau Idodi kule Iringa, Agosti 2009, mabinti 12 walikufa bwenini usiku. Ule umeme ulichukua watoto wa watu.

Lakini kwa kesi hii nasema wazi: kama mwenye jiko alikiri palepale, ile sababu ya kuadhibu chumba haipo tena. Hapo wodeni mwenzangu kakosea.

#8 Ubuyu wa Mpwapwa
Shikamoo Bi Zabibu. Nakurekebisha kidogo tu: Idodi haikuwa umeme. Iliripotiwa ni mshumaa, mwanafunzi alikuwa anajisomea usiku. Na Shauritanga kule Rombo mwaka 1994, wasichana 42, nako ulitajwa mshumaa.

#9 Bi Zabibu
Marahaba mwanangu. Sawa, mshumaa. Kwa wodeni moto ni moto, madirisha ya bweni yana nondo na mlango ni mmoja.

#10 Mjuba wa Kikuyu
Mleta mada usihangaike, Katiba iko wazi. Ibara ya 13(6)(b): ni marufuku mtu kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike. Nenda mahakamani kesho asubuhi, chuo kitanyoosha mikono.

#11 Wakili Msomaji
Ndugu Mjuba, taratibu. Hiyo (b) inamhusu mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai. Kukutwa na jiko hosteli si jinai. Kinachomsaidia huyu binti ni (a) ya ibara hiyohiyo: haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kinginecho, na ofisi iliyoandika barua ile nayo naiweka humo.

Na kwenda mahakamani kesho asubuhi si ushauri mzuri. Mahakama Kuu itauliza kwanza kama amemaliza njia za ndani ya chuo. Utaratibu wake ni huu. Atafute nakala ya sheria ndogo za wanafunzi za chuo chake, ile aliyosaini kuipokea siku ya usajili. Humo kutakuwa na kifungu cha malazi na kifungu cha rufaa, na siku za kukata rufaa zinakuwa chache, kwa hiyo asilale. Aandike barua yake peke yake, wasiandike wanne kwa pamoja, maana hoja yake nzima ni kwamba yeye si wao. Aombe mambo mawili kwa pamoja: asikilizwe, na adhabu isimamishwe mpaka rufaa iamuliwe au angalau mpaka mitihani iishe. Aambatanishe maelezo ya maandishi ya mwenye jiko kwamba ni lake. Njia za ndani zikigonga ukuta, ndipo maombi ya mapitio ya kimahakama, na hayo yana ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi.

Nyumba ya kupanga na hosteli ni vitu viwili. Chuoni uko kwa kibali, ukisaini fomu umekubali masharti. Hapo ndipo chuo kitajificha, kitasema hatujamwadhibu mtu, tumefuta kibali tu.

#12 Mtoto wa Chilonwa
Sasa Wakili hapo mwisho umenisaidia mimi. Amesaini fomu, masharti anayajua. Kusikilizwa kwa lipi tena?

#13 Wakili Msomaji
Kwa kama alijua, kama alikuwepo, kama jiko ni lake, kama ni mara ya kwanza. Kusaini masharti hakumaanishi ulishajibu tuhuma ambayo haijaletwa.

#14 Kapuku wa Mwaka wa Tatu
Mnaongea sheria, hakuna anayeongea njaa.

Mimi ni mwanafunzi hapahapa Dodoma na nina jiko, nasema wazi. Bodi ya Mikopo inatoa 8,500 kwa siku ya chakula na malazi. Kantini sahani ya wali maharage asubuhi, mchana na jioni, weka na maji ya kunywa, toa na kopi za noti, toa na bando la kusomea. Bumu, yaani hiyo hela ya mkopo, likichelewa wiki mbili unafanyaje? Kilo ya mchele na robo ya maharage tunakula watu wanne siku nzima. Hakuna mwanafunzi anayependa kujificha na sufuria chini ya kitanda, anaficha kwa sababu akipika anamaliza semista na akinunua hamalizi.

Na vyuo vinajenga hosteli ya ghorofa nne bila jiko la pamoja hata moja. Chumba cha kufulia kipo. Chumba cha TV kipo. Pa kupikia hakuna.

#15 Singida Alizeti
Dogo, ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. 8,500 ni ya zamani.

#16 Kapuku wa Mwaka wa Tatu
Kweli 10,000. Nimezoea kuitaja ile ya kaka yangu. Hoja yangu haijabadilika, hiyo ni ya mwenye mkopo wa asilimia zote kwenye chakula, na wengine hawana mkopo kabisa.

#17 Mzee wa Majoho
Vijana, nidhamu ya vyuo vya nchi hii ina historia ya kuadhibu kwa mkumbo. Mwaka 1978 wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waligomea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mwalimu akawarudisha nyumbani wote walioandamana. Hakuna aliyehojiwa mmoja mmoja.

#18 Ubuyu wa Mpwapwa
Mzee umechanganya miaka. La JKT ni Oktoba 1966. Walikwenda mpaka Ikulu, Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kujikata mshahara wake asilimia 20. La Machi 1978 ni jingine, waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na viongozi, nao wakafukuzwa.

#19 Mzee wa Majoho
Ahsante Ubuyu, una kichwa. Basi mara mbili, hoja yangu imepata nguvu.

#20 Bi Zabibu
Ule ulikuwa ugomvi wa siasa baina ya wanafunzi na serikali. Msiuchanganye na sufuria ya maharage.

#21 Mjuba wa Kikuyu
Mbona mnaenda mbali, hapahapa kwetu Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliambiwa waondoke UDOM ndani ya saa 24, na kosa halikuwa lao, walimu ndio walikuwa wameacha kufundisha. Tuliokuwa mjini tunakumbuka mabegi barabarani. Kwa hiyo kumtoa mwanafunzi kitandani kwake kwa notisi fupi kumeshakuwa mazoea, kosa liwepo lisiwepo.

#22 Mama Mwenye Nyumba
Mimi napangisha wanafunzi Ng'hong'hona, vyumba vyangu viko vya kutosha kujua tabia zao. Wanaofukuzwa hosteli wanakuja kwetu. Nami nina sheria zangu: geti linafungwa saa nne, mgeni wa kiume haingii chumba cha binti, muziki mwisho saa tatu, na LUKU kila mtu na submita yake, yaani mita ndogo ya chumba chake. Tangu niweke submita hakuna anayeacha jiko likiwaka. Kabla ya hapo tulikuwa tunagawana bili sawa na kila siku ugomvi. Chuo kingeweka submita kila chumba, habari ya jiko ingejimaliza yenyewe.

#23 Fundi Soketi
Mama, submita itapunguza bili, moto haipunguzi. Waya mwembamba utayeyuka hata kama umelipia uniti zako mwenyewe.

#24 Nuru ya Chimwaga
Naomba niseme la upande wa wasichana, maana wengi mnaoandika hapa naona ni wanaume.

Kutolewa hosteli kwa mvulana ni gharama. Kwa msichana ni gharama na ni njia. Nilipokuwa mwaka wa kwanza sikupata chumba, nikapanga mtaani. Vipindi vingine vilikuwa vinaisha saa moja usiku. Kutoka geti la chuo mpaka nilikopanga kuna kipande hakina taa hata moja, unapita korongoni, huku na huku ni vichaka vya miiba. Tulikuwa tunasubiriana wanne watano ndipo tuondoke. Asiyekuwa na mwenzake analala darasani akijifanya anasoma, asubuhi anakwenda kuoga kwa rafiki hosteli. Wakati wa masika korongo linajaa maji, hiyo njia haipitiki, unazunguka kwa bodaboda kwa hela ambayo hukuipangia.

Mwisho rafiki yangu akanibeba. Kwa wasiojua, kubebana ni wawili kulala kitanda kimoja, mmoja ana chumba kihalali na mwingine hana. Nacho ni kosa, na adhabu yake ni hiyohiyo ya kutolewa, anatolewa aliyebeba na aliyebebwa. Kila usiku wa ukaguzi nilikuwa natoka na kwenda kukaa bafuni mpaka wodeni apite. Wenzake wawili wa kile chumba walijua, walivumilia, hawakusema. Kwa hesabu ya Mtoto wa Chilonwa hapo #4 nao walioza.

Kwa hiyo mleta mada, mdogo wako asitoke mpaka rufaa ijibiwe. Chuo kinapomwandikia binti saa 48 kijue kinampeleka wapi.

#25 Mtoto wa Chilonwa
Dada Nuru hilo nimelisoma mara mbili. Wa kubebana mimi siwahesabii. Aliyeficha mtu asiye na pa kulala na aliyeficha koili ya moto chini ya godoro si sawa.

#26 Bi Zabibu
Nuru, wodeni tulikuwa tunajua kuhusu bafuni. Kuna siku mtu anapiga hodi bafuni kwa sauti kubwa makusudi, halafu anageuka anaondoka. Lakini kitanda cha futi mbili na nusu kulala wawili, chumba cha wanne kikawa na saba, vyoo vya korido vinashindwa, maji ya Dodoma mnayajua, na moto ukitokea hatuna orodha ya nani yumo ndani.

#27 Nuru ya Chimwaga
La orodha nakubali mama.

#28 Kapuku wa Mwaka wa Tatu
Naleta hoja mpya. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Umeme ni nishati safi. Mwanafunzi anayepikia umeme anatekeleza mkakati wa taifa halafu anafukuzwa hosteli! Nikinunua mkaa wataniachia?

#29 Fundi Soketi
Mkaa chumbani utakufa usingizini kabla wodeni hajafika, hewa yake haina harufu. Mtungi wa gesi nao usithubutu, gesi ikivuja inatuama chini sakafuni, nanyi mnalala vitanda vya chini. Umeme ndio ulio salama kuliko vyote hivyo, ila kwenye jengo lililotandazwa waya wa kupikia. Sehemu ya kupikia inatakiwa saketi yake peke yake, breka yake, waya mnene, ukuta wa vigae, dirisha. Chumba kimoja cha hivyo kila ghorofa, majiko manne ya kudumu. Kazi hiyo haimshindi fundi yeyote. Kwa nini hawajengi, mimi sijui, waulizwe wanaopanga bajeti.

#30 Waziri Mstaafu wa Malazi
Hapo kwenye "kwa nini hawajengi" naweza kusema kidogo. Nilikuwa waziri wa malazi kwenye serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja. Tulipeleka hoja ya jiko la pamoja, tukapewa sababu tatu kwa nyakati tofauti. Mara ya kwanza ni usalama. Mara ya pili ni usafi, kwamba nani atasafisha, mende watajaa. Mara ya tatu mjumbe mmoja akasema lililo kweli: wenye zabuni za kantini wanalipa kodi ya pango kwa chuo, wanafunzi wakipika wenyewe kantini zitafungwa. Baada ya hapo hoja ikalala kabatini.

Sasa kwenye swali la #1, adhabu ya chumba inatoka wapi, maelezo ya Bi Zabibu ni ya kweli ila hayajafika mwisho. Chuo kina njia mbili. Njia ya kwanza ni kamati ya nidhamu: hati ya tuhuma, taarifa ya siku kadhaa, wajumbe wakiwemo wawakilishi wa wanafunzi, kumbukumbu za kikao. Ndefu, na hukumu inaweza kukatiwa rufaa. Njia ya pili ni ofisi inayosimamia malazi kufuta nafasi ya chumba kwa barua ya ukurasa mmoja. Hii wanaiita ya kiutawala. Haina kikao, haina utetezi, inamalizika kwa siku moja. Kwa hiyo makosa ya hosteli yote yanasukumiwa huko. Mtu aliyepiga mwenzake ngumi kantini atasikilizwa na kamati nzima, aliyekula maharage atatolewa bila kuulizwa jina la baba yake. Niliyashuhudia haya kwa macho yangu.

Ndiyo maana Wakili amegonga penyewe pale #11. Watajificha kwenye neno kibali.

#31 Mjuba wa Kikuyu
Kumbe ni zabuni! Nilijua tu.

#32 Bi Zabibu
Si zabuni peke yake. Waziri, wakati wako ofisi ya malazi ilikuwa na watu wangapi na vitanda vingapi? Mimi nilikuwa na majengo matatu na msaidizi mmoja. Kuandika hati ya tuhuma kwa kila jiko ningekuwa siondoki mezani. Watu wachache wakipewa vitanda vingi watatafuta njia fupi, awe mwema awe mbaya.

#33 Mwalimu wa Kondoa
Nami naongeza sababu nyingine ambayo hamjaitaja. Sisi shule za sekondari za bweni ndio tuliowalea hivi. Kioo kikivunjika bweni zima linalipa, kelele zikipigwa bweni zima linapiga magoti. Mtoto anakaa humo miaka minne au sita, akifika chuo hashangai kuadhibiwa kwa mkumbo, na aliyepewa cheo cha usimamizi naye amepita humohumo. Nawaambia walimu wenzangu hili kila mwaka na sipendwi. Mtu wa miaka 21 anayepiga kura na kuoa anatendewa kama kidato cha pili.

#34 Mzazi wa Kongwa
Mwalimu sikubaliani. Mimi namlipia mwanangu ada na nataka hosteli iwe kali. Nilimpeleka chuo cha dini kwa sababu hiyohiyo, wanakagua mavazi, wanakagua muda wa kurudi, na nalala usingizi. Miaka 21 ni ya kwenye cheti. Wakilegezwa kidogo tu sabufa zinapigwa mpaka alfajiri, wavulana wanalala hosteli za wasichana, mwisho wake mzazi ndiye anayeitwa.

#35 Singida Alizeti
Sabufa! Mlango wa chumba chetu ulikuwa unatetemeka kwa sabufa ya jirani. Tulimripoti mara nyingi, hakuguswa. Ila jiko lilipokamatwa mtu alitoka siku ileile. Mwenye kelele anawatesa watu arobaini wakati wa mitihani na hakuna anayemwandikia barua.

#36 Kapuku wa Mwaka wa Tatu
Kwa sababu jiko likikamatwa linabebwa ofisini, linaonekana. Kelele utaibebaje.

#37 Wakili Msomaji
Mzazi wa Kongwa, ukali na mkumbo ni vitu viwili. Chuo kinaweza kuwa kikali kuliko vyote nchini na bado kikamuuliza kila mmoja kabla ya kumwandikia barua. Na ukaguzi wa usiku nao una mpaka, Ibara ya 16 inatoa hifadhi ya maskani ya mtu. Ukaguzi wa usalama unakubalika, kupekua daftari na simu za wanafunzi wakati mnatafuta jiko haukubaliki.

#38 Mzazi wa Kongwa
Chumba cha chuo ni maskani ya chuo.

#39 Wakili Msomaji
Anayelala humo ni nani?

#40 Upepo wa Dom
Wadau nashukuru sana. Nilipofikia:

Barua ya rufaa imeandikwa jana kwa jina lake peke yake kama Wakili alivyoelekeza, imepokelewa na kugongwa muhuri. Mwenye jiko ametoa maelezo ya maandishi na kusaini mbele ya mwakilishi wao wa darasa. Hilo kalifanya bila kusukumwa na namheshimu kwa hilo. Sheria ndogo tumezipata. Kifungu kinasema "mkazi atakayekutwa na" kifaa cha kupikia atapoteza nafasi yake. Mkazi, si wakazi. Chumba kizima hakijatajwa popote.

Majibu ya mdomo tuliyopewa ni kwamba chumba kina wakazi wanne na kifaa kilikutwa chumbani, kwa hiyo wamekutwa nacho wote. Wamekubali wabaki mpaka rufaa isikilizwe. Tarehe hawajasema.

Binti mmoja wa chumba hicho ameshaondoka, wazazi wake walikuja na gari kutoka Manyoni kabla saa 48 hazijaisha. Hakutaka kusubiri.

#41 Mtoto wa Chilonwa
Kama kifungu kinasema mkazi, hapo chuo kina kazi. Ila bado nasema wote walijua.

#42 Waziri Mstaafu wa Malazi
Upepo, mkipewa tarehe dai mwakilishi wa wanafunzi awepo kikaoni, na mpeleke picha ya ile soketi na ekstensheni. Chumba cha wanne chenye soketi mbili ni hoja yenu pia.

#43 Bi Zabibu
Na aliyeondoka aandikiwe barua kwamba rufaa ipo. Wengi huondoka hivyo na nafasi zao zinapangiwa wengine wiki hiyohiyo.

#44 Kapuku wa Mwaka wa Tatu
Fundi, rais kuka, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya wati 400 nayo?

#45 Fundi Soketi
Hiyo ni chini ya ampea 2, waya hauihofii. Kifungu cha chuo chako kinaihofia. Soma kwanza kimeandika "jiko" au "kifaa cha kupikia".